Nguo ya Kipimo

Dozi aligundua kipaji chake cha udaktari akiwa amejikinga mvua kwenye baraza ya duka la dawa. Wateja watatu, mmoja baada ya mwingine, waliulizia sindano za kupunguza mwili, na wote wakarudishwa wakalete cheti cha daktari. Dozi, mtu mwenye huruma iliyopitiliza, hakuweza kuvumilia mateso hayo. Wiki iliyofuata alikuwa na chumba, koti jeupe na bunda la vyeti alivyoviandika mwenyewe.

Aliuza sindano mbili. Ya kijani ilikata hamu ya kula, nyekundu ilirudisha nguvu za ujana. Ukutani alibandika jedwali la kuzilinganisha, na wateja walilisoma kwa makini, wakauliza ipi inamfaa zaidi mtu mwenye kitambi na uchovu, kisha wakachukua zote mbili. Zote zilitoka kwenye chupa moja ya maji ya chumvi, tofauti ni rangi tu. Lakini yalikuwa yamechemshwa; Dozi hakuwa muuaji.

Mizani aliikataa, eti haitofautishi maji na mafuta. Badala yake kila mteja aliacha nguo moja inayombana kwa fundi cherehani wa mlango wa pili, itunzwe kama kipimo. Kila wiki fundi aliifumua ubavuni akaiachia nusu inchi. Mteja akirudi kuijaribu, ilimpwaya, akalia kwa furaha na kesho yake akamleta shemeji yake.

Fundi alikuwa ameahidiwa ubia. Siku moja, mbele ya wateja, Dozi alimtambulisha kama "kijana wangu wa nguo." Fundi alimzidi Dozi miaka kumi na miwili, na neno lile lilimuuma sana. Alitabasamu tu, akachukua zile suruali za bosi alizompigia pasi bure kila Jumamosi, akaketi nazo kwenye cherehani.

Wiki ya tatu Dozi aliingia kwake ameshikilia suruali isidondoke.

"Fundi, niangalie vizuri. Nimekonda?"

"Sikutaka niwe wa kwanza kukwambia, bosi."

"Mbona nakula vizuri? Nalala vizuri."

"Hata marehemu mjomba wangu alikuwa hivyohivyo."

Dozi alikaa chini. Hakufikiria hata kidogo kuuangalia mshono, maana mishono ilikuwa ya wajinga, na yeye alikuwa mgonjwa. Aliogopa kufa, aliogopa kweli. Hospitali aliiogopa zaidi, kwa sababu huko wangemuuliza anafanya kazi gani.

Kwa masikitiko makubwa fundi akamkumbuka dada yake, bingwa wa sindano ya kurudisha mwili. Ilikuwa ya njano. Dada mtu alikuja, akampapasa mbavu, akaguna, akasema tiba ni miezi miwili bila kazi yoyote, na yeye hatibu mpaka awe na chumba chake. Dozi alimkabidhi ufunguo, koti na wateja wote, tena akamshukuru.

Miezi miwili ilipokwisha, suruali, ambazo fundi hakuacha kuzichukua kila Jumamosi, zilimkaa sawasawa. Alirudi akakuta mlangoni jina la fundi na la dada yake, na foleni imefika kona. Hakukasirika. Angewezaje kugombana na watu waliomwokoa? Alisimama mbele ya foleni, machozi yakimtoka, akaapa kwamba sindano ya njano imemtoa kaburini. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa akisema jambo analoliamini.

Mama mmoja alimvuta mwenzake pembeni.

"Huyo usimsikilize. Sura ya tapeli kabisa."