Korongo wa Jiwe Kinamasini Sironga

Jumatatu, 5 Mei

Nimeona ajabu! Asubuhi nilishuka kinamasini, nyuma ya shamba letu hapa Sironga, kumtafuta ng'ombe wa Mama. Ukungu umelala juu ya mafunjo. Vyura wanaimba kama kwaya isiyo na kiongozi. Ghafla korongo wawili, taji za dhahabu vichwani, wakaanza kucheza. Wanainama, wanaruka, wanakunjua mbawa. Nikasahau ng'ombe. Nikasahau hata jina langu, ambalo ni Sylvanus, muuza mbegu na dawa za mifugo mjini Nyamira, kapera kwa sababu zisizo zangu.

Kasoro moja tu. Walicheza upande wa kinamasi ulio wa binamu yangu Onyiego. Ndege wana akili, lakini si ya kutosha.

Jumanne, 6 Mei

Mwalimu Bathsheba alikuja dukani kununua mbegu za sukuma wiki. Anafundisha baiolojia. Kila akiingia, moyo wangu hupiga kwata. Nikamwambia korongo wanacheza shambani kwangu. Kwangu! Akasema tangu utotoni anatamani kuwaona wakicheza, atakuja Jumapili alfajiri. Nikamjibu huwa wananisubiri mimi ndipo waanze. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jioni Onyiego akapita akitabasamu. Naye amemwalika! Ana mkeka mpya, thamosi ya chai na darubini. Mimi nina kiti cha plastiki chenye miguu mitatu. Korongo wakicheza kwake Jumapili, Bathsheba nimemkosa.

Jumatano, 7 Mei

Mpango! Ndege hufuata ndege wenzao. Nimekwenda Tabaka kwa Mzee Obwocha, mchongaji wa mawe. Alikuwa na korongo wawili wa jiwe, wakubwa kama wa kweli, waliokataliwa na hoteli fulani kwa sababu shingo ni nene. Shingo nene ni afya. Akauliza kama ni wa sebuleni. Nikasema ni wa kinamasini. Akasema, kijana wangu, jiwe ni zito. Nikamwambia mambo ya uzito aniachie mimi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimewashusha kwa mkokoteni. Nikawasimamisha penye maji kidogo. Walipendeza! Nikarudi nyuma nijivunie. Wa kwanza akaanza kuinama. Nikafikiri, lo, hata wa jiwe anacheza! Kumbe anazama. Wa pili akamfuata, mume na mke wasioachana. Zikabaki taji mbili juu ya tope. Jua nalo linatua, Sabato inaingia, siwezi kuchimba.

Mama aliponiona akauliza kwa Kigusii kama hatimaye nimeoa, na kama nimeoa matope.

Jumamosi, 10 Mei

Sabato. Mhubiri alisema tuitazame kazi ya Mungu katika viumbe. Nikaitika amina kwa sauti kuliko kanisa zima. Bathsheba akageuka! Kazi sikufanya. Nilipanga tu, na kupanga hufanyika kichwani.

Jumapili, 11 Mei

Niliwahi kabla ya jogoo ili niwachomoe wale wa jiwe. Mguu mmoja ukaingia topeni, wa pili ukaenda kuusaidia. Nikazama hadi kiunoni. Kulipoanza kupambazuka nikafungua mdomo nipige kelele. Ndipo wakaja.

Korongo wa kweli! Wakatua karibu nami, ningenyoosha mkono ningewagusa. Wakatazama taji za jiwe, wakanitazama mimi, hawakuona tofauti. Ukungu ukafunguka. Dume akainama, jike akaruka, mbawa zikatanda nyeupe na kahawia, na upepo wake ukanipiga usoni. Kati ya mafunjo nikaona kifaranga wao, laini, hata kusimama bado anajifunza. Sikujua dunia inafanya mambo haya kila asubuhi bila kumwita mtu. Nililia. Naandika wazi, nililia.

Upande wa pili, kwenye mkeka wa Onyiego, Bathsheba alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nikiita, naokolewa, na korongo wanaruka zao. Nikafunga mdomo. Tope likafika kifuani. Nikanyamaza mpaka walipomaliza wakaondoka kwa miguu na mtoto wao kwa hiari yao.

Onyiego alinivuta kwa kamba ya ng'ombe, akicheka hadi akakaa chini. Bathsheba hakucheka. Alinipangusa uso kwa kitambaa chake mwenyewe. Akasema katika yote aliyoyaona, lililomgusa zaidi ni mimi kunyamaza. Siku zote, akasema, ni maneno na mipango, lakini leo nimetulia nikatazama. Akaomba Jumapili ijayo tuje tena, mimi na yeye tu, bila maneno na bila mbinu.

Chai ya Onyiego ilipoa mkononi mwake.

Jumatatu, 12 Mei

Nimelitafakari sana jambo hili. Siri ni mawe. Bila mawe nisingezama, bila kuzama asingenipangusa uso. Kosa lilikuwa udogo. Nimerudi Tabaka nikaagiza kiboko wa jiwe. Mzee Obwocha amesema Sironga hakuna kiboko. Nimemwambia Jumapili atakuwepo. Na akizama, si ndivyo viboko wanavyoishi?

Bathsheba amependa kunyamaza kwangu, na mimi si mtu wa kupuuza matakwa ya mwanamke. Kwa hiyo nimeandika hotuba ndefu kuhusu uzuri wa kunyamaza. Nitamsomea Jumapili alfajiri. Kipaza sauti nimekodi.