Kiungio cha Hita na Jicho la Wifi

Jumatatu, 8 Julai

Gari limekojoa. Sina neno jingine la kistaarabu. Nimetoka asubuhi na ufagio, nikakuta dimbwi la kijani chini ya gari la marehemu mume wangu. Limesimama pale kimya kama mtoto aliyelowesha kitanda.

Na limechagua wiki! Alhamisi nampeleka wifi hospitali ya mlimani akatolewe mtoto wa jicho. Mwendo wa saa mbili, wote wa kupanda. Daktari wa macho hufika kule mara moja kila miezi mitatu. Wifi ameshakosa zamu mbili, moja kwa mafua, moja kwa ukaidi. Akikosa ya tatu ni mpaka Oktoba. Na jana tu kanitilia chumvi kwenye chai akidhani sukari. Anasema ni macho. Mimi nasema ni roho mbaya, lakini acha daktari athibitishe.

Nimemwita fundi. Mtaa mzima unamwita Kesho, na mwenyewe anaitika. Kafunua boneti, kaguna, kaguna tena. Akasema mpira unaopeleka maji ya moto kwenye hita ni mzima. Kilichokufa ni kiungio chake, kidude cha plastiki urefu wa kidole, kinachoushika mpira kwenye injini. Eti kimezeeka, kimekauka, kimepasuka. Nikamwambia hata yeye kazeeka kakauka na bado anadai chakula.

Ushauri wake: tuunganishe ncha mbili za mpira, maji yazunguke yarudi yalikotoka, hita tuisahau. Eti bibi, hita ya nini, si uvae sweta? Nikamwuliza kama kwao magoti huvalishwa sweta. Akauliza magoti ya nani. Nikasema yangu.

Ni ya wifi. Yakipata baridi hukaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Lakini hayo hayamhusu fundi, na wifi mwenyewe asijue kamwe kwamba nimemfikiria. Ataringa mpaka siku ya kuzikwa.

Mpango: nikitoe mwenyewe, ninunue kingine, Kesho aje afunge tu. Beseni nimeliweka chini ya gari, nguo nimezilundika kando. Atakayepita ataona bibi anafua.

Jumanne, 9 Julai

Kiungio kimetoka. Vipande vipande, lakini kimetoka. Klipu nililegeza kwa koleo, vizuri kabisa. Mpira ukagoma. Umeng'ang'ania pale miaka mingi kuliko ndoa za watu. Nikauzungusha. Krak!

Nimepata kipande kikubwa. Vidogo vimebaki huko ndani, na vibaki, sivihitaji.

Sasa nieleze kidude kilivyo. Ni kijibomba. Mwishoni kina pindo, ukingo ulioinuka, kama upindo wa sketi. Nusu ya pindo imevunjika. Nusu imebaki meno meno kama mdomo wa mlevi. Aibu tupu! Miaka arobaini nimekaa kwenye cherehani, na hakuna nguo iliyotoka mikononi mwangu nyuzi zikining'inia. Leo nimwekee muuza spea takataka ile mezani, aseme bibi huyu anaishi vipi? Nikachukua tupa ya marehemu. Nikalisawazisha pindo lote mpaka likaisha. Laini! Ungeweza kukivaa kidoleni ukaenda nacho harusini.

Muuza spea ana miwani miwili, mmoja machoni, mmoja utosini, na yote haimsaidii. Nilipomtajia gari akaniletea kiungio cha shaba chenye pindo. Nikamwekea sampuli yangu mbele. Nikamwambia akitazame kwa miwani yote. Kina pindo? Hakina. Akasema kwa kumbukumbu yake, gari lile hutumia chenye pindo. Nikamwambia nimekaa ndani ya gari lile kabla yeye hajaota jino. Akapekua boksi moja, akapekua la pili, akanipa cha plastiki, laini, pacha wa changu. Nikamwuliza, umeona? Akayarudisha maboksi rafuni kwa kishindo. Watu wakishindwa hununa.

Nimerudi nikakuta kikaratasi mlangoni. Ni cha Karani, jirani, mstaafu wa ofisini. Nyumba yake na yangu ni hatua kumi, lakini kwake bila karatasi hakuna neno. Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Herufi nilizichuma kwa wanangu wakifanya kazi za shule, mimi nikipiga pasi. Kusoma nimesoma. Kaandika kwamba amebaini hitilafu katika gari langu, hivyo anajitolea kumsafirisha wifi yangu siku ya Alhamisi. Amebaini! Kachungulia uani kwangu, aseme hivyo.

Gari lake ni jipya. Bado viti kaviachia nailoni za dukani.

Wifi kasikia. Jicho halioni ila sikio la popo. Akasema angalau gari la Karani lina heshima. Nikamwambia lile langu lilinunuliwa na kaka yake. Akasema kaka yake hakuwahi kujua kununua kitu, na akanitazama.

Jumatano, 10 Julai

Kesho kaja leo. Nilitaka kulia kwa mshangao.

Kakishika kiungio kipya, kakigeuza, kauliza pindo liko wapi. Eti pindo ndilo linaloushika mpira usichomoke maji yakichemka. Nikasema hakikuwa nalo. Akauliza nina uhakika. Nikaapa kilikuwa hivi hivi tangu gari lizaliwe. Akataka kukiona cha zamani. Nikasema nimekitupa.

Kilikuwa ndani ya mkoba wangu, ndani ya leso. Lakini mtu aonyeshwe nini? Neno langu halitoshi?

Akakaza klipu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tukawasha. Hita ikapuliza uvuguvugu, kama pumzi ya paka. Kesho akasema labda kuna kitu kimeziba huko ndani. Nikasema labda. Tone halikudondoka hata moja. Nimeshinda!

Imebaki Karani. Nikamfuata akiosha gari ambalo halijachafuka. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba wifi hatapiki ovyo, hapana. Hutapika garini tu. Bila onyo. Mbali. Nikamwona anazitazama zile nailoni zake. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Baada ya saa moja kikaratasi kingine. Ameshanunua mifuko kumi ya plastiki na ndimu. Yuko tayari kwa dharura yoyote.

Mtu gani huyu haelewi tusi?

Jioni wifi kaniuliza kama nimemwambia Karani anatapika. Nikakana. Akapapasa ukingo wa meza. Halafu akasema, taratibu, kwamba akifa mezani kwa daktari nimpe yule mpwa mrefu cherehani yake, siyo yule mfupi. Nikamwambia watu hawafi kwa jicho. Akasema anaogopa kisu. Nikamwambia kisu ndicho kimwogope yeye.

Akasema basi, kesho anapanda gari la kaka yake. Eti anione nikitoka jasho.

Alhamisi, 11 Julai

Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi. Wifi mbele, blanketi magotini, akinielekeza barabara asiyoiona. Punguza. Ongeza. Kuna ng'ombe. Lilikuwa jiwe.

Saa moja hivi akasema miguu inapata joto. Nilitazama mbele tu. Lakini moyoni nilipiga vigelegele peke yangu.

Kona ya nne ya mlima, gari likapiga chafya. Halafu pwaa! Mvuke ukafunika kioo chote. Sikuona barabara, sasa tukawa vipofu wawili. Nikalisimamisha kando kwa kubahatisha. Wifi akauliza kwa upole kama tumefika.

Nimefunua boneti. Mpira umechomoka, umelala pembeni, klipu bado imeukaza shingoni. Kiungio kinachungulia pale, laini, kimelowa, hakina haya. Maji yote yanateremka mlima kwenda nyumbani bila sisi.

Daktari anapokea wagonjwa mpaka saa tatu. Wifi alijua. Alikuwa anakunja blanketi, analikunjua, analikunja. Nikaanza kutembea kushuka nikaombe maji. Maji ya nini, na mpira haushiki? Nilitembea tu.

Nani akatokea konani? Karani! Eti alikuwa na shughuli zake mlimani. Shughuli gani, na mifuko kumi imepangwa kiti cha mbele? Alitufuata tangu nyumbani, kwa umbali wa heshima. Akashuka, akafungua mlango, akainama kidogo. Nikamwambia amchukue wifi, mimi nakaa na gari langu.

Wifi akasema kama wifi yake haingii, na yeye haingii, na Oktoba si mbali.

Nikaingia.

Karani anaendesha kwa kuyumba kama kitanda cha kamba. Nailoni zinateleza, kila kona naenda dirishani, kila kona narudi. Mfuko mmoja ulitumika. Sitaandika na nani. Wifi alikamua ndimu, akaipitisha nyuma bila kugeuka, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Tulifika saa tatu kasoro dakika tano.

Ijumaa, 12 Julai

Wamelifungua jicho. Nesi akabandua pamba, wifi akapepesa, akapepesa. Nilikuwa nimesimama mbele yake na kitambaa changu kizuri. Akanitazama muda mrefu. Akasema, jamani, umezeeka lini?

Nikamwambia jana, kona ya nne.

Akanishika shavu. Mimi macho yalikuwa yananiwasha, hospitali zina dawa kali. Nikamwambia achukue leso mkobani kwangu, maana na yeye dawa zilimpata.

Kosa! Kavuta leso, kiungio kikadondoka mapajani mwake. Akakiinua mpaka dirishani. Mwanamke ambaye Jumapili hakutofautisha chumvi na sukari! Akakizungusha pole pole, akauliza mikwaruzo hii midogo midogo mwishoni ni ya nini. Eti imekwenda upande mmoja tu, kama ya tupa.

Nikasema ya panya.

Karani alikuwa mlangoni na matunda. Akaomba kukiona. Wakaangaliana, wote wawili. Wifi akacheka mpaka nesi akaja kumkataza, asije akafumua jicho. Akasema kaka yake aliniacha na tupa, na lile lilikuwa kosa lake kubwa kuliko gari.

Jumapili, 14 Julai

Gari liko nyumbani. Karani alilivuta kwa kamba jana, akanipungia mkono kila kona kama bwana harusi. Kesho kafunga kiungio cha shaba, kile kile chenye pindo ambacho Miwani Miwili alikileta mwanzo. Kwa nini hakunilazimisha? Muuzaji gani hana msimamo! Kesho naye kachokoa vipande vinne vya plastiki mle ndani kwa waya, akanipangia kiganjani kimoja kimoja, akivihesabu. Hana adabu.

Hita inapuliza moto kama tanuri. Wifi kakaa ndani ya gari saa nzima, limesimama uani, magoti mbele, anajisomea kwa sauti vibao vya maduka ng'ambo ya barabara. Kisha akaniita nimletee sindano zangu zote. Kazitunga uzi, thelathini na mbili, kaziweka kwenye mto kwa safu. Anasema nilikuwa nashona kama kipofu.

Nimeyatafakari mambo yote haya kwa haki. Miwani Miwili hajui mali yake. Kesho hajui kukaza klipu. Karani hajui kuendesha. Hakuna mwingine wa kulaumiwa, nimetafuta.

Jambo moja dogo. Wifi alipokuwa akishuka kavuta kile kishikio cha kuzungushia kioo cha dirisha, kikamtoka mkononi. Nimekitazama. Ndani ya tundu lake kuna vimeno vimeno pande zote, vya kung'ata chuma cha mlangoni, vitatu vimevunjika, vilivyobaki vimekaa ovyo kabisa. Jumatatu asubuhi nakipeleka kwa Miwani Miwili kama sampuli. Lakini siyo kikiwa katika hali ile, nina jina mtaani.

Wifi kalala, jicho moja lina pamba. Nimeingia jikoni na tupa. Vimebaki vimeno viwili tu, tundu litakuwa laini kabisa.