Mguu Wangu wa Kushoto Hauna Hatia

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi Magari.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu wewe na wanachama wako wote, isipokuwa mmoja. Namshtaki fundi wa gereji iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, na naomba jibu kabla ya Jumamosi, siku ambayo mimi na mke wangu tunakwenda ukweni.

Gari langu ni la otomatiki. Nimelinunua mwaka huu, baada ya kuendesha gari la klachi kwa miaka ishirini na saba. Likibadili gia linashtuka kama mwanafunzi aliyeitwa jina akisinzia, na mlimani linajikokota. Nikampelekea fundi. Aliyoyatenda ni haya:

1. Hakufungua hata nati moja. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia, akayapaka kwenye karatasi nyeupe, akayanusa, akasema yameungua. Nimesoma vitabu vingi, Ndugu Mwenyekiti, na sijakuta sayansi inayofanywa kwa pua.

2. Aliketi kando yangu tukazunguka mtaa. Nilimwita akague gia. Yeye alikagua viatu vyangu.

3. Alitamka mbele ya mke wangu: "Mzee, gia haina neno. Huo mguu wa kushoto ndio unaolalia breki njia nzima, hadi mafuta yanaungua." Mguu huu umekanyaga klachi miaka yote hiyo bila kuugua. Leo unaambiwa hauna kazi, bila notisi. Asante ya punda ni mateke. Wakishaumaliza mguu watakuja kwenye mkono, kisha kwenye kichwa, na nchi ya abiria watupu haina haja ya uchaguzi.

4. Alinivua kiatu cha kushoto akakifungia kwenye buti la gari, akidai mguu ulio peku huwa na adabu.

5. Mke wangu alicheka, kisha akachukua funguo. "Baba watoto, hamia huku ugombane na redio." Kwa hiyo Jumamosi mama mkwe, niliyemwahidi kwa mdomo wangu kwamba binti yake hatakosa dereva, ataniona nikishuka mlango wa abiria nimepakata mkoba wa binti yake.

Nadai basi: fundi huyo afutiwe uanachama, funguo zirudi kwangu kwa amri ya maandishi, na kila gari la otomatiki lifungwe pedali ya ziada, isiyounganishwa na chochote, kwa ajili ya heshima ya mguu.

Nisalimie mafundi wa injini, wa umeme, wa rangi, na mlinzi wa geti lenu.

Ni mimi, nisiyeyumba,
Dereva Aliyeonewa.

Tanbihi: Tumerudi sokoni sasa hivi, mke wangu akiendesha. Mlima tumeupanda kimya. Gari halikushtuka hata mara moja. Mimi, kwenye kiti cha abiria, nimekanyaga breki isiyokuwepo mara kumi na nne. Amehesabu yeye. Usimfukuze fundi. Muulize tu kama anaweza kunifundisha Ijumaa, saa ambazo mke wangu yuko kazini.