Simu Yangu na Siku ya Kawira Kufunuliwa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimemfuta kazi mtu ambaye sikumwajiri mimi. Adrian, mpiga video wa Meru mjini, mwenye kamera kubwa kama kinu. Dada yangu Phyllis, muuguzi huko Ireland, ndiye alikuwa amemtafuta aje Jumamosi kurekodi sherehe ya mahari ya binti yake Kawira, hapa kwangu Githongo. Phyllis hajakanyaga nyumbani miaka sita. Likizo amenyimwa. Siku ya mtoto wake ataiona kwa video tu.

Nikampigia. Dada, ya nini kuleta mgeni, na ndugu yako ana simu yenye kamera tatu? Ya Adrian ina jicho moja! Hiyo hesabu hata mtu wa darasa la saba kama mimi anaiweza. Akauliza kama nina uhakika. Nikamkumbusha yule tembo niliyempiga picha Meru Park, amesimama kwa miguu miwili akinipungia mkonga. Akasema hiyo picha hajawahi kuiona. Nikasema ilipotea na simu ya zamani. Akakubali. Ombi lake ni moja: auone uso wa Kawira akifunuliwa. Basi. Kitu kidogo namna hiyo!

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi. Nimefunga simu kwa blada, ule mpira wa tairi, kwenye ule mti mrefu wa kuangushia maparachichi, nipige kutoka juu kama ndege. Nimepiga shamba langu la kahawa vizuri mno, mpaka simu ikaanguka humo humo ndani ya kahawa. Nimeitafuta lisaa lizima. Mke wangu Makandi akasimama pembeni, mikono kiunoni, akaniuliza: Baba Mutugi, hiyo ndege yako imetua wapi? Kioo kimepasuka kona. Kona tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata wazo! Mambo ya kutuma video baadaye ni ya kizamani. Nitaenda laivu, Phyllis aone pale pale. Kawira amenifundisha dakika kumi. Akanisihi, Ankol, hiyo linki mtumie Mum peke yake. Peke yake? Kazi nzuri ifichwe kama pombe haramu? Nimeituma kwa kundi la kanisa, kundi la kiwanda cha kahawa, hata kundi la wakwe zetu wa Embu. Wajue wanaoa kwa watu gani.

Habari mbaya: Adrian anakuja bado. Ameletwa na hao wakwe. Wivu tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nakwenda polepole, nisiruke kitu.

Kwetu bibi arusi hatolewi hivi hivi. Wasichana sita wa kimo kimoja wanafunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wanapangwa mstari, bwana arusi anaambiwa achague wake. Akikosea, akina mama wanamtoza faini, anajaribu tena. Makandi, ambaye ni mkubwa wa hao akina mama, alikuwa amepania akosee mara tatu.

Nikaingia nyumbani wakati wanafunikwa. Nikatoa sauti ya mtangazaji wa redio: Dada Phyllis, kati ya hawa sita, mtoto wako ndiye huyu wa leso yenye kuku mwekundu! Ujumbe ukaanza kupita mbio kwenye kioo. Phyllis aliandika kama mara ishirini. Miwani ilikuwa kwenye koti lingine. Nikamshukuru kwa pongezi.

Wakatoka nje. Njura, bwana arusi, akainuka. Hakuangalia kushoto wala kulia. Akaenda moja kwa moja kwa kuku mwekundu, kama mtu anayeingia kwake jioni. Wazee wa Embu wakapiga makofi. Makandi akageuka akatazama upande wao: simu kumi na moja zimewaka, na katika zote ni sauti yangu.

Sikungoja. Nikakimbia mbele, nipate ule uso. Leso ikapanda. Kidevu kikatokea... bando likaisha! Nilikuwa laivu tangu saa kumi na mbili asubuhi, hata nikinyoa ndevu.

Wazee wetu wakakaa kikao pale pale. Wamenitoza mbuzi, niwalipe akina mama, kwa kosa la kusaidia upande wa pili. Mimi, mwenye boma! Njura akanishika mkono akasema, asante Ankol, hata kaka yangu hajanisaidia hivi.

Jumapili, 10 Agosti

Phyllis alipiga. Hakugomba. Alilia ule mlio mdogo unaokufanya uitoe simu sikioni. Alisema ameona kidevu.

Nikameza mate, nikamwomba Adrian video yake. Akaituma bila maringo, jambo lililoniudhi zaidi. Tukakusanyika sebuleni. Leso inapanda, inapanda... koti la buluu. Mgongo wangu. Dakika nne, mgongo wangu! Adrian anadai aliniita, Mzee, inama kidogo, mara sita. Nilidhani ananisalimia.

Kawira akatoka nje.

Jumanne, 12 Agosti

Phyllis amepiga tena. Amekata tiketi! Amebadilishana zamu na wenzake hadi mwaka ujao, anakuja harusi ya Desemba. Amesema hatamwachia mtu mwingine macho yake tena, hasa mimi. Kawira ameruka ruka mpaka sufuria ikamwagika.

Nimekaa nikafikiria. Wako watu video zao zinachekesha, wako watu zinaliza. Yangu imetoa mtu Ireland! Adrian, na kinu chake chote, amewahi kurudisha nani nyumbani?

Makandi ameapa kwamba siku ya harusi nitaingia kanisani mikono mitupu. Sawa. Mikono nitaiacha mitupu. Fundi wa simu hapa sokoni ananifungia simu mbili kwenye helmeti ya bodaboda, moja mbele ipige, moja nyuma ionyeshe. Nikisimama mbele ya Phyllis, hatakosa kitu.