Baiskeli ya Mama Specioza na Uhuru Wangu

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisa limejaa mpaka kwenye ngazi. Mchungaji Maduhu kahubiri vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Kasema Mkristo ni mtu huru. Tumeitwa tuwe huru! Nilisimama nikapiga Amina peke yangu. Miaka yote hii ndilo neno nililokuwa nalisubiri. Papo hapo simu ikatetemeka, mteja wa geti wa Inyonga, nikatoka nje. Nilivyorudi walikuwa kwenye matangazo. Haidhuru. La muhimu nililipata.

Matangazo mawili. La kwanza: mzee wa kanisa mmoja kahama mkoa, kiti kiko wazi, kitajazwa Jumapili ijayo. Kila mtu wiki hii atumie karama yake, kanisa litatazama. La pili: baiskeli ya miguu mitatu ya Mama Specioza imekatika fremu. Bila hiyo haendi popote, miguu yake ilipooza tangu utotoni. Na ndiye anayepeleka ndoo ya uji wodini kila asubuhi, kwa wagonjwa waliotoka mbali wasio na ndugu wa kuwapikia. Mchungaji akauliza nani ana karama ya kumsaidia. Kanisa zima likageuza shingo kunitazama mimi. Nikatazama feni.

Kile kiti ni changu. Geti la kanisa nani alilichomelea? Mimi. Walinilipa, sawa, lakini nani alilichomelea?

Mpinzani ni mmoja tu: Yotham, fundi cherehani. Huyo akiomba anaitikiwa Amina kumi na moja, kumi na mbili. Mimi mara ya mwisho nilipata tatu. Moja ya mke wangu Glory, na Glory alichelewa.

Jumatatu, 9 Juni

Mchungaji kaja karakana. Kaisifia grenda yangu. Nikajua anataka kitu. Akasema kazi ya Mama Specioza ni nusu saa tu. Nikamwambia hiyo hesabu ni ya mtu asiyechomelea, ile ni dakika ishirini. Akafurahi. Nikamwambia lakini sichomelei.

Nikamweleza taratibu. Karama ni kitu cha kupewa. Mimi nani alinipa? Nilijifunza kazi hii Tabora, kwa fundi aliyekuwa anatupiga na koleo. Macho yaliungua na moto wa mashine, nikalala siku mbili na vipande vya kiazi kibichi juu ya kope. Hakuna kanisa lililoniletea uji. Nikarudi Mpanda na begi moja na jina langu. Hiyo si karama, hiyo ni kazi. Na kuhusu uhuru, nikamkumbusha mahubiri yake mwenyewe: mtu huru halazimishwi.

Akanitazama kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Akauliza kama nilisikia nusu ya pili ya lile neno. Nikasema nusu ya kwanza inanitosha, mimi si mlafi.

Nimeelewa sasa. Kiti cha mzee kinataka karama ya kiroho. Yenye heshima, isiyochafua mikono. Nimechagua unabii.

Jioni nimemtangazia Glory uhuru wangu. Kuanzia leo zamu ya kufagia kanisa simo. Kamati za harusi simo. Mama yake akija, simpokei stendi. Glory akasema uhuru huo una nusu ya pili. Halafu akauliza kama mtu huru anajua kujipakulia ugali.

Jumatano, 11 Juni

Unabii unataka hesabu, si kukurupuka. Mvua? Juni hakuna mvua, usiiguse. Kifo? Hatari, wenyewe watakuja na mapanga. Umeme! Mtaa wetu hapa Kashaulili wiki iliyopita umeme ulikatika kila jioni. Kwa hiyo jana nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la kanisa kwamba nimeonyeshwa giza kuu likishuka juu ya ibada ya leo. Kila mtu aje na taa yake.

Wakaja wote! Tochi, mishumaa, chemli. Mmoja kang'oa taa ya pikipiki. Nikakaa mbele. Saa moja: taa zinawaka. Saa moja na nusu: zinawaka. Tangu nizaliwe sijaona umeme wa namna ile. Mweupe, haupepesi, hata balbu ya chooni iliyokufa mwaka jana ikafufuka. Nilimwona kila mtu usoni, na kila mtu aliniona mimi. Mwishoni Yotham akaomba. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya nuru. Amina kumi na nne. Mjanja yule!

Bodaboda wa kijiwe cha mbele ya karakana wameshanipa jina. Nabii Balbu.

Na nyumbani kuna jipya. Glory anaamka alfajiri, anaenda kwa Mama Specioza, anabeba uji kichwani mpaka wodini. Mimi naachiwa chai ya jana. Nikamuuliza nani kamtuma. Akasema hajatumwa, yuko huru.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango bora kuliko yote. Uponyaji!

Wote wanasema tatizo la Mama Specioza ni baiskeli. Wamepima vibaya. Tatizo ni miguu. Mtu akitembea, baiskeli ya nini? Nikimponya: sichomelei bure, Glory anarudi jikoni, na kiti nakikalia. Ombi moja, faida tatu. Yotham hana akili ya hesabu kama hizi.

Nikaenda na suti. Nikamkuta barazani kwenye mkeka, anachambua kokoto kwenye ulezi. Baiskeli imelala pembeni, fremu imekatika chini ya kiti. Niliitazama kidogo tu. Kiungo cha zamani, kuna mtu alichomelea juu ya kutu bila kusafisha. Aibu tupu. Nikageuza macho, sikuja kwa ajili hiyo.

Nikaweka mikono juu ya magoti yake nikaomba kwa sauti, mpaka majirani wakajaa uani. Nikaiamuru miguu. Nikasema nenda! Mama Specioza akasubiri nimalize, kwa adabu kabisa. Kisha akasema, "Baba Richard, asante. Ila miguu hii Mungu anaijua, na mimi tumezoeana nayo. Kilichovunjika ni chuma."

Majirani waliangua kicheko, mmoja akakaa chini.

Nikamweleza habari ya Tabora. Koleo, macho, viazi, kwamba ujuzi wangu sikupewa na mtu. Akatoa kokoto, akaitupa. Akauliza hayo macho yaliyoungua, niliyaponya mwenyewe? Nikasema viazi. Akasema, "Haya baba. Vibarikiwe."

Halafu akaanza kunieleza habari za wodini, nani kamuuliza? Kuna binti katoka Karema, kule ziwani, kajifungua mapacha. Hana mtu. Bila uji maziwa hayatoki. Na Glory kwa kichwa anabeba nusu ya ndoo tu, kwa hiyo kuna wanaokosa, na juzi aliyekosa ni yule binti.

Mimi yananihusu nini? Watoto niliwazaa mimi? Nimerudi. Suti ina vumbi magotini.

Ijumaa, 13 Juni

Yotham katengeneza baiskeli! Fundi cherehani! Kaunga fremu kwa kipande cha mti na vipande vya tyubu, kazungusha, kakaza, kafunga fundo kama la mzigo wa tumbaku. Halafu kaisukuma mbele ya karakana yangu, polepole, makusudi. Ananiita shemeji kwa kuwa ni Mfipa mwenzake Glory. "Shemeji," anasema, "sisi wengine hatuna karama, tunafungafunga tu."

Nikamwambia chuma hakifungwi kama kifurushi. Akasema anajua, ndiyo maana angependa mimi ni... Nikawasha grenda nisimsikie.

Lile fundo nimelipima kwa macho. Uzito wa Mama Specioza, ndoo ya lita ishirini, na tuta la barabarani hapa mbele yangu. Kesho halivuki. Huu sasa ndio unabii wa kweli, na sijamwambia mtu. Acha Yotham aonekane.

Jumamosi, 14 Juni

Imetokea asubuhi, pale pale kwenye tuta. Fundo likateleza, mti ukachomoka, baiskeli ikakunjika kama mwavuli. Mama Specioza chini. Uji wote barabarani, bata wa jirani wakafika kabla ya watu. Kachubuka kiwiko, basi. Hakulia. Alikaa pale kwenye vumbi akiutazama uji unavyonywewa na ardhi, akasema, "Yule binti wa mapacha." Hilo tu. Hakunitazama hata mimi.

Kijiwe kizima kikanigeukia. Wakapiga kelele: Nabii Balbu, hili nalo hukuonyeshwa?

Na baya kuliko yote! Imevunjikia chini ya bango langu, SOSPETER MTAALAMU WA VYUMA, na lile fundo la Yotham linaning'inia. Mteja akipita si atajua ni kazi yangu?

Nikaiburuta ndani. Niandike wazi: si kwa upendo. Ni kwa ajili ya bango. Nikakata kiungo cha zamani, nikasaga kutu mpaka chuma kikang'aa, nikaingiza kipande cha bomba ndani ya fremu kama nilivyofundishwa kwa koleo. Nikavaa miwani nikawasha. Mshono wa kwanza ukatoka kama magamba ya samaki. Nikaanza wa pili.

Umeme ukakatika.

Leo! Siku tatu zimepita! Kijiwe kililipuka kwa kicheko. Mmoja akanisujudia na helmeti yake.

Mara naona Yotham anakuja mbio, nyuma yake bodaboda wawili wamebeba jenereta ya kanisa. Akavuta kamba, ikakohoa, akavuta tena, ikashika. Ni ndogo, nikapunguza moto wa mashine, nikachomelea kidogo kidogo. Yotham akashika fremu isicheze. Nikamwambia asitazame moto, akafumba macho kama mtoto anayeombewa. Glory akaja na ndoo nyingine ya uji. Mama Specioza kakaa kwenye kigoda changu, anaimba kwa chini. Kuna wakati pale nilisahau kuhesabu. Sikumwazia mtu, sikumkasirikia mtu, nilikuwa naunga chuma tu. Labda ni njaa.

Akapanda. Akavuka tuta, fremu haikulia hata kidogo. Akaenda wodini na ndoo imejaa.

Hakuna aliyesema Amina. Bodaboda walipiga honi tu.

Jumapili, 15 Juni

Suti imefuliwa. Nikakaa benchi la mbele, pembeni, mtu akiitwa anatoka kirahisi.

Mama Specioza kashuhudia. Kamshukuru Yotham, aliyeanza kufunga. Kawashukuru bodaboda. Kawashukuru hata bata, watu wakacheka. Kisha mimi. Kasema mikono ya Baba Richard Mungu aliipitisha kwenye moto mapema, ili siku ikifika iwe tayari. Amina zikaporomoka! Nilifika ishirini na sita nikavurugikiwa. Nikafunga kifungo cha koti.

Mchungaji akasimama. Kanisa limetazama wiki nzima, akasema. Mzee mpya ni Glory.

Mke wangu! Kwa kubeba ndoo! Kubeba ndoo anajua kila mwanamke wa Mpanda. Mimi nimeunguza macho, nimechomelea geti, nimetabiri, nimeomba mpaka sauti imekauka, kiti kinaenda kwa ndoo! Yotham alipiga makofi kuliko wote. Na Glory alivyokuwa anapita kwenda mbele, akanipa mkoba wake nimshikie. Niliushika ibada nzima.

Jumatatu, 16 Juni

Glory kaenda kikao cha wazee. Chai ya jana.

Nimekaa nikapiga hesabu upya, kwa utulivu. Nimeona walipokosea. Alhamisi niliweka mikono juu ya Mama Specioza nikaamuru aende. Jumamosi akaenda, mbele ya mashahidi! Kwamba kaenda kwa magurudumu, hiyo ni njia, na Mungu hapangiwi njia. Jumatano nilitabiri umeme, Jumamosi ukakatika. Unabii ulichelewa siku tatu. Uponyaji siku mbili. Inapungua! Tatu, mbili, inayofuata ni moja, halafu papo hapo. Hii ni hesabu, haina ubishi. Ningewezaje kuona karama yangu wakati nimevaa miwani myeusi?

Mashine nimeifunika turubai.

Saa nne kaja mzee Kalisti wa Katumba, kashushwa na bodaboda, anashikilia ukuta. Mkongojo wake wa chuma umekatika katikati. Kasema sifa zangu zimefika mpaka kule, anaomba nimuungie. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, umefika penyewe, ila huduma imebadilika." Nikamkalisha kwenye kigoda. Nikavaa koti.

Naomba tangu saa nne. Sasa ni saa saba. Mkongojo bado ni vipande viwili. Mzee ananiitikia Amina kwa heshima zote, ila kila nikifumba macho nasikia kigoda kinalia, nikifumbua nakuta kageukia turubai.

Glory kapiga simu kutoka kikaoni. Kumbe ndiye aliyemwelekeza Kalisti kwangu. Kauliza kama nimeshamaliza, maana pale ni dakika kumi tu. Halafu akaanza tena ile habari ya nusu ya pili ya neno, eti "bali tumikianeni kwa upendo." Nikamwambia mzee wa kanisa aheshimu uhuru wa waumini, nikakata.

Nimepumzika kidogo kuandika haya. Sasa namrudia Kalisti. Tatizo nimeshalijua: nilikuwa naombea mkongojo, na mkongojo hauna imani. Ngoja nianze na miguu.