Mratibu wa Tembo, Kanda ya Kilimarondo

Jumatatu, 5 Mei 2025. Nachingwea.
Dada Kulthumu kanipa mpaka Jumapili. Nisipopata kazi, narudi Mtua kupalilia mikorosho ya baba. Kasema huku ananipakulia ugali, kwa upole kabisa, na ndiyo maana nimeogopa. Mimi na jembe? Hapana! Bahati nzuri kuna kampuni ya ufuta Ruangwa inatafuta karani wa ghala. Kiti, meza, feni. Kazi yangu hiyo. Tatizo moja: Twaha wa nyumba ya pili naye kaomba. Twaha! Mtu anayevaa soksi na kandambili.

Jumanne, 6 Mei.
Steshenari kwa Yasmini, kuchapa wasifu. Kasema ukurasa mmoja unatosha: nilichosoma, nilichofanya, wadhamini wawili wanaoijua kazi yangu. Wa Twaha ulikuwa bado mezani, nikauchungulia. Alipima ufuta kwenye chama cha msingi, misimu miwili. Basi! Nimemwonea huruma.
Wangu una kurasa nne. Kumpelekea dada vitumbua sokoni: Meneja Masoko. Kuchaji simu za majirani: Mtaalamu wa Nishati. Yasmini akauliza kama kuna kitu nimewahi kufanya kweli. Swali gani hilo? Nikakumbuka mwaka juzi, nilipomtembelea baba mdogo Bashiri kule Kilimarondo, tembo wakaingia kwenye mahindi yake. Nilipiga debe mara mbili, nikapanda dungu, nikabaki huko juu mpaka walipoondoka. Tukaandika: Mratibu wa Tembo, Kanda ya Kilimarondo, miaka mitano. Yasmini kaacha kuchapa, kanitazama, kisha kaendelea. Kavutiwa, nadhani.

Jumatano, 7 Mei.
Nimempigia baba mdogo, mdhamini namba moja. Nimemwambia akipigiwa simu asinibanie, anisifu mpaka basi. Kauliza anisifu kwa lipi. Nikasema tembo. Kacheka mpaka mtandao ukakata.

Alhamisi, 8 Mei. Ruangwa.
Usaili. Meneja ni mama mmoja anaitwa Tabitha, mpole, miwani kwenye ncha ya pua. Kasoma kurasa zote nne, kwa kidole. Kauliza mzigo ukiingia ghalani naanza na nini. Nikamwomba arudi ukurasa wa tatu. Akampigia baba mdogo palepale, sauti nje. Baba mdogo kasema tembo wakisikia kikohozi changu tu wanageuza. Na ghala je? Hilo, kasema, halijui, ila kwa tembo, mama, huyu ndiye mwenyewe. Nilitamani kumkumbatia!
Twaha kaingia baada yangu, dakika tano, katoka. Masikini.

Ijumaa, 9 Mei.
Karani ni Twaha. Loh! Roho imeniuma, sifichi.
Halafu mama Tabitha kapiga simu. Eti ujuzi wangu ni adimu. Kampuni ina shamba Kilimarondo, tembo wanakanyaga ufuta kila jioni. Wananitaka mimi, kuanzia kesho. Nilikuwa natafuta namna ya kukataa, lakini dada Kulthumu alikuwa kasimama karibu, kasikia kila kitu, kapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Ningekataaje?

Jumamosi, 10 Mei. Kilimarondo.
Kaja mmoja, jua halijazama. Mkubwa, jamani! Debe likanidondoka. Nikatoka mbio mpaka barabarani, naye nyuma yangu, kandambili moja ikabaki kwenye ufuta. Kufika barabarani akasimama, akanitazama, akaenda zake. Nililia kidogo. Hakuna aliyeona, isipokuwa baba mdogo.

Jumapili, 11 Mei. Nachingwea.
Nimeacha kazi. Dada Kulthumu hakugomba. Kasema gari la Mtua linaondoka alasiri na jembe liko nyuma ya mlango. Twaha kapita kunipa pole. Soksi mpya!
Nimeomba saa moja tu, nikakimbilia kwa Yasmini. Ukutani kwake kuna tangazo: shirika fulani linatafuta mkuu wa kitengo cha wanyamapori. Gari, dereva, feni. Yasmini kanisihi safari hii iwe ukurasa mmoja, wa kweli. Sasa ziko tano. Nimeongeza hili: Alimtoa tembo shambani peke yake, bila silaha yoyote. Na wala si uongo, baba mdogo ni shahidi. Nilipotoka mimi, naye alitoka.