Kadi ya Feni Tatu na Kiti Nilichonyang'anywa

Kwa Mjomba,
Mwenye studio ya video na picha,
Chumba cha pili kutoka ngazini, ukuta mmoja na saluni.

YAH: KUONDOLEWA KWENYE MASHINE KUBWA NA KUKALISHWA KWENYE FOTOKOPI BILA KOSA LOLOTE

Mjomba mheshimiwa,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa kuwa tangu Jumatatu huniitikii.

Nakuandikia ingawa tumo chumba kimoja, na hivi ninavyoandika nakitazama kisogo chako. Nimeona niandike kwa sababu kila nikifungua mdomo unasema, "Toa kopi, mpwa wangu, toa kopi." Shule niliiacha pale iliponishindwa, hilo linajulikana. Lakini kompyuta nazijua kuliko waliozitengeneza. Wao walikaa nazo kiwandani siku mbili tatu, mimi nimekaa nazo miaka minne.

Malalamiko nimeyapa namba ili usije ukajifanya umeruka moja kwa bahati mbaya.

1. Kuhusu kuchagua. Ulipouza pikipiki yako ili studio ipate kadi kubwa ya grafiksi, ile inayoipa kompyuta nguvu ya kuchezesha na kuhariri video, ulituma watu wawili dukani. Wa kwanza mimi. Wa pili binti yako, binamu yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kipimo kwa sababu hanunui hata ndala bila rula. Kipimo alikwenda na daftari, Mjomba. Akamuuliza muuzaji kadi inakula umeme kiasi gani, ina urefu gani, na pawa saplai yetu, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, itaiweza au haitaiweza. Niliona aibu kwa niaba ya ukoo. Mtu unakwenda kununua simba, unauliza anakula nini! Mwishowe akang'ang'ania kikadi cha feni mbili, chembamba kama sabuni iliyokwisha kuogewa. Mimi nilipima kwa njia ya wataalamu: nilizibeba zote, moja baada ya nyingine, na iliyonivuta bega ndiyo niliyoichagua. Feni tatu, ndefu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na juu ya boksi joka linatema moto. Muuzaji alinitazama, akawaita wenzake waje kuniona. Watu hawaitani hivyo isipokuwa mbele ya mjuzi.

2. Kuhusu kufunga. Unadai nimeharibu sanduku la mashine. Sikuliharibu, nililipanua. Kadi ya zamani niliing'oa, hii mpya ikagoma kuingia, nikakata chuma cha mbele kwa msumeno. Mfalme hainami kwa sababu mlango ni mfupi, unavunjwa mlango. Ilipoanza kulala kwa uzito niliiegemeza kwa chupa tupu ya dawa ya kikohozi, na mpaka leo imesimama wima kama askari. Waya wa skrini niliuchomeka kwenye tundu la juu la mashine, mahali pa heshima, na tundu la kwenye kadi yenyewe nikaliacha na kifuniko chake lisiingie vumbi. Ndani ya boksi mlikuwa na waya mwingine, mnene, wenye meno mengi. Kipimo akasema, "Na huo je?" Nikamwambia huo ni wa akiba, vitu vya maana havikosi akiba. Upo bado boksini, ndani ya nailoni yake, haujaguswa. Sijasikia ukinishukuru kwa utunzaji.

3. Kuhusu kuikaza kadi. Hapa ndipo ulipodhihirisha kwamba hujui, na sikulaumu, umri umekwenda. Kila kadi hutoka kiwandani na mwendo wake, na mwendo huo ni wa waoga. Sisi mafundi huikaza: tunafungua programu, tunaburuta kimshale kwenda kulia, kadi inakimbia kupita ilivyoandikiwa. Wengine huburuta kidogo, wanasubiri, wanapima joto, wanaburuta tena. Mimi nilikivuta hadi mwisho wa mstari kwa mkono mmoja, mwingine nikiwa nimeshika soda. Programu ikaandika: "Kifaa hakikuonekana." Kipimo akasema, "Soma tena, pole pole." Nikasoma tena. Maana yake ni ile ile: kadi imekwenda kasi mpaka programu yenyewe haiioni.

Na haipati moto! Kadi za wenzetu huhema kama mbwa aliyefukuzwa kwa mawe. Hii kila asubuhi naiwekea kiganja, naikuta baridi kama mtungi. Feni zake hazijazunguka hata siku moja, maana haijawahi kuchoka. Halafu wewe, mbele ya wateja, unaniuliza, "Mbona sasa video inakwama kuliko ilivyokuwa na kadi ya zamani?" Mjomba, feni ya darini ikienda taratibu unayaona mabapa yake. Ikizidi mwendo, unaona kama imesimama. Basi ukiona video imesimama, jua tumefika mbali.

4. Kuhusu umeme. Jumamosi iliyopita umeme wetu ulikatika mara tatu kabla ya adhuhuri. Msusi akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta, "Nani huyo ananiachia wateja na vichwa vibichi?" Nilitoka kifua mbele, nikamwambia, "Ni mimi! Ni kadi yangu hiyo, jengo limeshindwa kuibeba!" Ulimwita fundi umeme, akafungua kisanduku cha swichi, akakuna shingo, akasema, "Kijana, hizi ni drai za saluni. Tatu kwenye swichi moja, na swichi yenyewe kongwe." Nilimwonea huruma. Mtu amesomea umeme, hajui umeme umekwenda wapi! Nikamshauri msusi awapeleke wateja wake wakakaukie juani. Alinijibu maneno ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba. Mengine yalikuhusu wewe. Sikukutetea, nilikuwa na kazi.

5. Kuhusu mama wa bi harusi. Huyu ndiye chanzo cha kuonewa kwangu. Alikuja Jumatatu kutazama video ya binti yake. Bi harusi akatokeza mlangoni, akainua mguu, mguu ukabaki juu. Tulihesabu hadi nane ndipo ukashuka. Mama akavua miwani. "Huyu nimemzaa mimi. Tangu lini anatembea kama kinyonga?" Nilimjibu kwa adabu zote: "Mama, kamera haisemi uongo. Labda ulikuwa hujamtazama vizuri." Akasema video isipokamilika Jumamosi hii, iliyo sawa, atawaambia ndugu zake wote wasikanyage hapa, na ndugu zake ni nusu ya wateja wetu. Basi wewe, badala ya kusimama na damu yako, ulinishika kola ya shati, ukaniinua kitini, ukanipeleka hadi fotokopi, na kiti ukampa Kipimo. Kipimo! Tena kakikalia pamoja na mto wangu wa bluu, niliotoka nao nyumbani, ambao umeshajua umbo langu.

6. Kuhusu madai yangu. Sina makuu. Kiti changu kirudi kabla ya Jumamosi, na Kipimo aje huku kwenye fotokopi, kuna karatasi nyingi za kupimia rula. Saluni ihame, ikiwa haiwezi, jengo hili liletewe transfoma yake peke yake, iandikwe jina langu kwa rangi isiyofutika na mvua. Kadi ipewe chumba kizima, sisi na wateja tuhamie koridoni, maana chumba hiki kinaibana. Na bi harusi aombwe kwa heshima arudie harusi, avae vile vile, aje na bwana yule yule, ila safari hii atembee kwa mwendo unaolingana na mashine. Nusu ya lawama ni ya miguu yake.

Usipotekeleza, nitaondoka na ujuzi wangu, na hapo ndipo utakapojua kwamba kinyozi hajinyoi.

Nisalimie mama watoto wako, mwambie chakula chake cha mchana ndicho kitu pekee katika studio hii ambacho sina malalamiko nacho. Nisalimie fundi umeme, umwambie elimu haina mwisho. Nisalimie bi harusi na miguu yake. Wadogo wote nawasalimu kwa majina yao. Kipimo asisalimiwe.

Ni mimi mpwa wako, niliyeonewa lakini bado najua,

Mtaalamu
(kwa sasa: Fotokopi)

Nakala kwa: Msusi, Fundi umeme, Mama wa bi harusi, Mwenye jengo, Ubao wa matangazo, ngazini.

Nyongeza: Mjomba, nilikuwa naikunja nakala yako, ya mwisho, Kipimo akaniita. Nikamkuta amepiga magoti nyuma ya mashine, kaizima, ana tochi ya simu mdomoni. Akaitoa, akasema, "Hebu mtaalamu, nipe ule waya wako wa akiba."

Nikampa. Kumbe waya ule ndio unaoilisha kadi. Tangu itoke dukani haijala hata tone la umeme. Kisha akabandua kifuniko kwenye tundu la kadi, akahamishia hapo waya wa skrini, maana lile tundu langu la heshima lilikuwa la mashine tu, halihusiani kabisa na kadi. Akawasha. Feni tatu zikazunguka kwa pamoja, nikaruka nyuma, chupa ya dawa ya kikohozi ikaanguka. Bi harusi akatoka mlangoni mpaka garini bila kusimama. Anatembea vizuri, kumbe. Video imekamilika leo Alhamisi, na programu sasa inaiona kadi. Nilitaka kukivuta kile kimshale kidogo tu, Kipimo akanipiga rula ya vidole. Kiti mwachie.

Barua hii ningeichana. Lakini nakala nyingine zote nilishazigawa asubuhi, na ile ya ngazini nimeibandika kwa gundi yetu nzuri, haibanduki. Hapa nilipo namsikia msusi akiwasomea wateja wake kwa sauti. Amefika namba nne. Na kwa hilo, Mjomba, wa kulaumiwa ni wewe uliyeniweka kwenye fotokopi.

Mto wangu wa bluu lakini naomba nirudishiwe. Kiti cha huku ni kigumu, na inaonekana nitakaa.